Adui Asiyepiga Baragumu

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, wabunge wetu wakiwa wameketi Dodoma na Waziri wa Fedha akisoma hotuba yake ndefu, mazungumzo ya barazani hapa Morogoro hubadilika. Watu ambao mwaka mzima husemezana habari za mpira na bei ya mchele huanza kutaja mabilioni kana kwamba waliyahesabu wenyewe jana usiku. Katika mazungumzo hayo kuna swali moja lisilokosa kujitokeza, nalo ni hili: nchi maskini kama yetu, ikiwa na shilingi moja tu mkononi, ianze kununua nini, risasi au kidonge?

Ndugu msomaji, swali hili huonekana jepesi mpaka mtu anapotakiwa alijibu mbele ya mwenzake. Mwenye huruma hujibu upesi kwamba kidonge. Mwenye kumbukumbu za vita hujibu upesi vilevile kwamba risasi. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka mingi, na nimeona kwamba kila mmoja ana kweli yake, ila kweli hizo mbili hazijakalishwa mkeka mmoja zikaulizana. Katika kurasa hizi chache nataka kujaribu kuzikalisha.

Mji wetu umewekwa mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Ukisimama mjini ukaitazama milima ya Uluguru, chini ya milima hiyo kuna kiwanda cha Mzinga, kilichojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China, ambako taifa hujitengenezea risasi na zana nyingine za jeshi. Mjini humohumo iko hospitali ya mkoa, ambako hushushwa wagonjwa kutoka Matombo, Mgeta, Kinole na vijiji vingine vya milimani. Mlima mmoja unawatazama wote wawili, mtengeneza risasi na mfunga vidonda, na mito inayotoka juu yake huwanywesha wote wawili bila kuuliza nani ana haki zaidi. Serikali, kwa bahati mbaya, haiwezi kuwa kama mto. Hapana budi iulize na ichague.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Tulipopata uhuru mwaka 1961 tulitangaziwa kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Sisi tuliosoma shule za wakati ule tuliyaimba maneno hayo mpaka yakawa kama majina ya jirani zetu. Lakini ni wachache waliojiuliza yana maana gani. Ukimwita mtu adui, umejifunga. Adui huwekewa walinzi mpakani. Adui hupelelezwa ijulikane yuko wapi na ana nguvu kiasi gani. Waliouawa na adui huhesabiwa, majina yao husomwa, na kila mwaka hukumbukwa. Adui hatengewi kilichobaki baada ya matumizi mengine, bali hutengewa kwanza. Basi kama maradhi ni adui kweli, na hatukulitumia neno hilo kwa ajili ya kupamba hotuba, tulipaswa kuyatendea yote hayo. Tuliyatendea? Nitarudi kwenye swali hilo baadaye, kwani kwanza ni haki tumsikilize mtetezi wa risasi.

Mtetezi huyo kwangu ni jirani yangu, mzee aliyepigana vita vya Kagera. Yeye huniita Mwalimu kwa sababu ya kazi niliyoifanya, nami humwita Afande ingawa alivua sare zamani. Siku moja, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake, nilimwambia kwamba fedha za vita vile zingejenga zahanati nyingi. Hakukasirika. Aliniambia, “Mwalimu, mtoto aliyekwisha kuchinjwa humpi chanjo.” Halafu akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Maneno yake yana uzito, na asiyeyajibu hana haki ya kuendelea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Watu waliuawa, ng’ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba nchi yake sasa inafika mtoni. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba hakuuliza kama tuna fedha. Alisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na ya Waganda waliopigana pamoja nasi. Mtu yeyote anayesema kwamba jeshi ni anasa, na aende akawaambie hivyo wazee wa Kyaka.

Wala si mambo ya kale tu. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tena vita ni baba wa maradhi. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya watu katika muda wa majuma machache. Zahanati isiyo na amani nje yake haina maana, kwa kuwa wauguzi hukimbia na dawa huporwa. Hivyo Afande ana kweli yake, na mimi naikubali yote.

Lakini kila kweli ina bili yake. Gharama ya vita vya Kagera kwa Tanzania hukadiriwa kuwa kama dola milioni 500 za Marekani. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Wenye umri wangu wanajua kwamba miezi ile 18 ilikuwa mirefu sana. Bei ya mafuta ilipanda duniani, mazao yetu yakashuka bei, ukame ukaingia, na deni la vita likakaa juu ya hayo yote. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya zahanati zenye kuta na zisizo na dawa. Tulikuwa tumejenga majengo mengi baada ya Azimio la Arusha la 1967, na vijiji vingi vilipata huduma karibu kuliko walivyopata kuota wazazi wetu. Sasa mgonjwa alifika akapokewa na mganga mwenye moyo mzuri na kabati tupu. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali, na neno “bure” likaanza kutoweka milangoni.

Sisemi kwamba vita ndivyo peke yake vilivyomaliza dawa. Nasema kwamba aliyekufa mwaka 1984 kwa kukosa dawa huenda naye ni mmoja wa waliokufa vitani, ila jina lake halimo kwenye orodha yoyote. Huyo hakupigiwa mizinga wakati wa mazishi.

Na hapa Morogoro jambo hilo lina historia ndefu. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliuacha mji huu wakarudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki, na Waingereza wakaingia tarehe 26 ya mwezi huo. Vitabu vya vita huandika habari za majemadari wawili, Smuts na Lettow-Vorbeck. Lakini waliobeba vita ile mabegani walikuwa wapagazi Waafrika wa pande zote mbili, waliopandisha na kuteremsha milima na mizigo vichwani, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu yao walikufa katika Afrika Mashariki, na wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko waliouawa na risasi. Kisha mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia nzima, ukawakuta watu waliokwisha dhoofika, ukaondoka na makumi ya maelfu wengine. Adui aliyeua zaidi hakupiga baragumu. Alikuja kimya, akala, akaondoka, na hakuna mnara uliotaja jina lake.

Naomba sasa niseme habari moja ya nyumbani kwangu, kwa kuwa bila hiyo msomaji anaweza kudhani nazungumza kwa kusoma tu. Sisi Waluguru ukoo wetu hufuata mama, na mtoto wa dada kwa mjomba si mtoto wa jirani. Mwaka 1996 mjukuu wa dada yangu, msichana wa miaka minne, alishikwa na homa huko milimani. Jioni alianza degedege. Wanaume wanne walimlaza kwenye machela pamoja na mama yake aliyekuwa amechoka kutembea, wakashuka usiku kucha kwa zamu, njia ikiwa ya utelezi kwa mvua ya masika. Walifika alfajiri mahali pa matibabu, ambapo sina haja ya kupataja, wakaambiwa kwamba dripu ya kwinini hakuna mpaka mtu aende mjini kununua. Mtoto hakumsubiri mtu huyo arudi.

Tulizika, tukakaa matanga, tukatawanyika. Kwa taifa lilikuwa halijatokea jambo lolote. Redio haikutangaza, wala hapakuwa na ofisi iliyopungukiwa na mtu. Miezi michache baadaye akapita kijana mwenye daftari, akienda nyumba hadi nyumba kuuliza nani amekufa na alikufaje: homa ilianza lini, alitapika, alikauka shingo, alipelekwa wapi. Dada yangu alimjibu kwa hasira mwanzoni. Kisha alipoona kijana anaandika kila neno, akalia. Baadaye aliniambia, “Kaka, leo ndipo mtoto wangu amekufa kiserikali.” Sijasikia tafsiri bora ya neno takwimu.

Kijana yule hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1990 wilaya ya Morogoro Vijijini ilikuwa mojawapo ya mahali pachache barani Afrika ambapo vifo vilihesabiwa mlango kwa mlango, kwa sababu watu wengi walifia majumbani na hospitali hazikuwa na habari zao. Kuanzia mwaka 1997 hesabu hizo zilitumiwa katika mradi uliojulikana kama TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji. Benki ya Dunia ilikuwa imedai mwaka 1993 kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa watu wengi kwa fedha kidogo kama zikielekezwa kwenye maradhi yanayoua zaidi. Mradi huu ukataka kuona kama madai hayo ni ya kweli mahali penye matope na machela.

Jambo la kwanza lililogunduliwa lilikuwa la aibu kwa sisi sote. Malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini katika bajeti ya afya ya wilaya ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa kama asilimia 5. Hakuna mtu aliyekusudia uovu. Bajeti ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia, nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia huo, na wafadhili walileta fedha za ugonjwa walioupenda wao. Askari wote walikuwa wamepangwa mpaka wa kaskazini, na adui alikuwa akiingilia kusini.

Halmashauri zilipewa hesabu za vifo na nyongeza ndogo ya fedha. Iliruhusiwa kufika hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini kwa wastani walichoweza kutumia kilikuwa kama senti 80 za dola. Fedha zikapelekwa kwenye vyandarua vyenye dawa, kwenye mafunzo ya waganga wa zahanati ili wamtazame mtoto mzima badala ya kutibu homa peke yake, kwenye redio za mawasiliano na usimamizi. Katika muda wa miaka 5 hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Waungwana wa takwimu watasema, na wana haki kusema, kwamba mambo mengine nayo yalisaidia katika miaka hiyo. Hata tukitoa haki yao yote, kinachobaki kinatosha kumfanya mtu akae chini na kufikiri. Senti 80.

Sasa tuweke senti hizo kando ya jambo jingine la miaka ileile. Mwishoni mwa 2001 Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada ya kuongozea ndege, yenye matumizi ya kijeshi, kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ililalamika kwamba bei ni kubwa mno, na hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza waziri wa misaada, Clare Short, aliipinga waziwazi. Rada ikanunuliwa. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali mahakamani London kosa la kutotunza vizuri hesabu za biashara ile, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikarudi kwa Watanzania, zikanunua vitabu vya shule na madawati.

Pauni milioni 28 za wakati ule zilikuwa kama dola milioni 40. Sensa ya 2002 ilituhesabu watu milioni 34.4. Kwa nyongeza ya senti 80 kwa kila mtu, fedha za rada moja zingewafikia Watanzania wote, tangu Kagera hadi Mtwara, kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa kalamu na karatasi, kwa matumaini kwamba nimekosea. Inatoka vilevile.

Nilimwonyesha Afande. Akaitazama karatasi kwa muda, akasema, “Mwalimu, mimi nilipigania nchi, sikupigania bei.” Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi na yeye hatukuwa mbali kama tulivyodhani. Askari wa kweli hana faida yoyote katika rada iliyonunuliwa ghali. Ghali hiyo humwondolea yeye viatu, chakula na pensheni kabla haijamwondolea mtoto chandarua.

Baadhi ya watu husema kwamba mambo ya ulinzi hayawezi kupimwa hivyo, kwani ni siri. Nakubali kwamba iko siri ya halali. Mahali ilipo mizinga, idadi ya askari katika mpaka fulani, mipango ya siku ya hatari: hayo asiyejua hana hasara. Lakini bei ya kitu si siri ya vita. Adui hashindwi kwa sababu hakujua tulinunua kwa shilingi ngapi, ila mwenye duka hutajirika kwa sababu wenye fedha hawakujua. Tukumbuke pia Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, maghala ya mabomu yalipolipuka Dar es Salaam na kuua watu wetu wenyewe, zaidi ya 20 kila mara. Silaha isiyotazamwa na macho ya kutosha haichagui wa kumuua.

Upande wa afya nao una deni la kulipa kwa Afande. Mpenda dawa hapaswi kudhani kwamba kila shilingi ya afya ni takatifu. Dawa huisha muda wake ghalani, magari ya wagonjwa hubeba ndizi, semina hula fedha za kazi iliyofanyiwa semina. Bajeti ile ya asilimia 5 kwa malaria ilikuwa bajeti ya afya, wala haikuandikwa na jemadari yeyote. Kama tunataka jeshi liulizwe, na sisi tuulizwe kwa swali lilelile: fedha hii inampiga adui gani, na tutajuaje kwamba amepigwa?

Pale swali hilo lilipojibiwa vizuri, ushindi uliopatikana ulikuwa mkubwa kuliko wa vita vingi. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi kwa majembe yao wenyewe. Na ndui, iliyokuwa ikiua na kuharibu nyuso tangu enzi za mababu, ilimalizwa katika dunia nzima kwa kampeni iliyogharimu kama dola milioni 300 kati ya 1967 na 1979. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, Oktoba 1977. Alipona. Miaka mingi baadaye alifanya kazi ya kuwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, na mwaka 2013 akafa kwa homa ya malaria akiwa katika kazi hiyo. Tuziweke hesabu mbili pamoja: dola milioni 300 ziliitoa ndui duniani, na dola milioni 500 zilimtoa Amin Kagera na Kampala. Ya pili ilikuwa ya lazima. Ya kwanza nayo ilikuwa ya lazima, lakini hatujawahi kuiita hivyo.

Mtu anaweza kuniuliza: kwa nini basi tusivunje jeshi kabisa, kama Costa Rica ilivyofanya mwaka 1948? Jibu langu ni kwamba kila nyumba hufunga mlango kulingana na mtaa wake. Mtaa wetu una mito ya Kagera na Ruvuma, na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kongo yenye majonzi yasiyokwisha. Mfano ninaoupenda zaidi uko Mazimbu, kilomita chache kutoka mjini kwetu. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walipewa hapo shamba la zamani la mkonge, wakaanzisha shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana wao aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Watu hawa walikuwa vitani. Hawakuwa na nchi, na kila senti ingeweza kununua bunduki. Hata hivyo walijenga madarasa na hospitali, na walipoondoka mwaka 1992 walituachia majengo hayo. Walijua kwamba anayepigana bila kujenga atashinda na kukuta hana wa kumkabidhi ushindi.

Naandika haya sasa kwa sababu swali la risasi na kidonge limeanza kujibiwa na watu wengine kwa niaba yetu. Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba misaada ya nje itapunguzwa kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa lao hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, ili fedha hizo ziongezwe kwenye ulinzi. Marekani, iliyokuwa imegharimia sehemu kubwa ya dawa za UKIMWI tunazotumia, ilisimamisha misaada Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Siwalaumu Waingereza kwa kuogopa vita vya Ulaya. Fedha ni zao. Lakini mama wa Mgeta anayepima mtoto wake leo anatetemeka kwa uamuzi uliofanywa London kuhusu vifaru. Hii ndiyo maana halisi ya kutokuwa na uhuru, na hakuna mzinga unaoweza kutukinga nayo.

Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Miaka zaidi ya 20 imepita, na sisi bado hatujaifikia ahadi hiyo. Hatukulazimishwa kuitoa. Kama kiongozi wa kijeshi angeahidi kulinda mpaka halafu akaacha sehemu yake bila askari kwa miaka 20, tungemwitaje?

Hitimisho langu si kwamba tuchukue bunduki tukazigeuze majembe. Ni kwamba serikali ina wajibu mmoja tu wenye majina mawili. Lugha yetu iliujua wajibu huo kabla ya wachumi. Tunapokutana asubuhi huuliza, “U mzima?” na “Salama?” kwa pumzi moja, wala hakuna anayemjibu mwenziwe kwamba ni salama lakini si mzima, akadhani amejibu vema. Chanjo huitwa kinga, na ngao nayo ni kinga. Anayekufa kwa risasi na anayekufa kwa homa wote wamekufa mikononi mwa taifa lililoahidi kuwalinda.

Kwa hiyo nashauri kipimo kimoja kwa wote. Kila mwaka Waziri wa Fedha anaposimama, atuambie kwanza hesabu ya waliokufa: wangapi kwa malaria, wangapi katika uzazi, wangapi kwa kifua kikuu, wangapi barabarani, wangapi mipakani. Asome taratibu, kama yasomwavyo majina ya mashujaa. Kisha ndipo asome fedha, tuweke orodha hizi mbili sambamba tuone kama zinafanana. Huenda mwaka fulani mpaka ukadai zaidi, na sote tutafunga mikanda tena bila kunung’unika, Afande akiwa wa kwanza. Miaka mingine orodha zitatuonyesha adui wetu alikolala.

Kijana yule wa daftari alilipwa mshahara mdogo, hakuwa na sare, na sina hakika kama kuna aliyempigia saluti. Naamini alikuwa mlinzi wa mpaka. Taifa linalotaka kujua kama linawalinda watu wake na lianzie pale alipoanzia yeye, mlangoni kwa mtu, kwa kuuliza nani amekufa na kuandika jibu lake.